Barua ya wazi: Mlima Kwitutu unahitaji njia ya maji kabla ya ngazi za saruji

Kwa wakuu wa idara za utalii, utamaduni, mazingira na usafiri wa majini katika kaunti zetu za ziwa, na kwa wanaosimamia turathi katika serikali ya kitaifa.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kutoka Kisumu kuhusu kisiwa cha Mfangano katika Ziwa Victoria: njia inayopanda kutoka Sena, mahali mashua zinapofikia, hadi kilele cha Kwitutu, na mapango ya Kwitone na Mawanga yenye michoro ya kale. Sisi ni waongoza njia, mafundi wa mawe na manahodha ambao kazi yetu ni ziwa hili na milima yake. Ombi letu ni moja, na mengine yote yaliyomo humu yanatokana nalo: shilingi ya kwanza itakayotengwa kwa ajili ya mlima huo itumike kuyapa maji ya mvua mahali pa kupita. Lango, bango na kibanda cha tiketi vinaweza kungoja.

Ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Kwitutu kinakaribia mita 1,700. Mgeni anayeshuka mashuani ana zaidi ya mita 500 za kupanda kwenda juu, tena katika joto, kwa sababu kimo hicho hupunguza joto kwa nyuzi tatu au nne tu. Anayetarajia baridi ya mlimani hataipata. Kisiwa chenyewe ni zao la volkeno ya Kisingiri, iliyokuwa hai karibu miaka milioni 20 iliyopita. Majivu yake ndiyo yaliyofunika na kuhifadhi mifupa ya kale ya Mfangano na ya jirani yake Rusinga, likiwemo fuvu la Proconsul, kiumbe wa kale wa jamii ya sokwe, lililopatikana na mtafiti Mary Leakey mwaka 1948. Kwa fundi wa njia, historia hiyo ina maana ya moja kwa moja: mlima una matabaka ya mwamba mgumu na matabaka laini ya majivu yaliyoganda, kisha juu yake udongo unaoteleza ukilowa. Maji yakipata upenyo pale mwamba mgumu unapokutana na ulio laini, hula ule laini na kuuacha mgumu ukining'inia. Hivyo ndivyo mwamba unavyopata kutokeza kama paa na kufanya pango lenye kina kifupi. Hivyo hivyo ndivyo ukingo wa njia unavyobomoka.

Njia za zamani za kisiwani hupanda moja kwa moja, na kuna sababu ya haki: aliyebeba mzigo wa kuni au mahindi anataka umbali mfupi. Kwa miguu michache haina shida. Watu wakiongezeka, nyayo huchimba mfereji mdogo katikati, na mvua kubwa ya kwanza ya Machi huufanya mto. Maji yakishuka bila kizuizi hupata kasi, huchukua udongo na kuacha mawe yaliyolegea. Mpandaji anayakwepa mawe hayo kwa kukanyaga nyasi za pembeni, nyasi zinakufa, na mfereji wa pili unaanza. Ukiukuta mfereji ungali kina cha kifundo cha mguu, jembe na siku mbili za kazi zinatosha. Ukifika kina cha goti, usipoteze nguvu kuujaza udongo, maana mvua moja tu itauzoa. Hapo hupaswi kufanya lingine ila kuhamisha njia.

Kuhamisha njia maana yake ni kuipeleka mshazari ubavuni mwa mlima. Kipimo tunachokitumia ni kupanda mita 1 kwa kila mita 10 za kutembea, na kamwe mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa ubavu wenyewe; ukizidi hapo maji yataacha kuvuka njia na kuanza kuifuata. Hakihitajiki chombo cha ghali. Wakulima wa nyanda hizi waliopima matuta ya kuzuia mmomonyoko yaitwayo fanya juu wanaijua fremu ya A: miti mitatu, uzi, na jiwe la kuning'iniza. Fundi mwenye pima maji na kamba anaweza kufanya vivyo hivyo. Upana wa mita 1 unatosha. Uso wa njia ulale kidogo kuelekea bondeni, sentimita 4 au 5 kwa kila mita ya upana, ili tone likianguka litoke papo hapo. Kosa tunaloliona mara nyingi ni kuulaza upande wa mlima kwa kuhofia mtu asianguke. Njia ya namna hiyo hugeuka bomba.

Kwenye sehemu zilizo kali, ambazo haziwezi kukwepwa, panahitajika vikingamaji vya mawe. Hapa ndipo kazi nyingi za mlima huharibika, kwa hiyo tunaomba uvumilivu wenu tuseme kwa kirefu. Kikingamaji ni mstari wa mawe makubwa unaoikata njia kwa mshazari, takriban nusu ya pembe mraba, ukiyaongoza maji kutoka nje upande wa bonde. Kila jiwe liwe zito kiasi cha kuhitaji watu wawili kulisogeza, na thuluthi mbili zake ziwe ardhini. Yakipangwa mraba, yaani sawasawa na upana wa njia, hugeuka bwawa: matope hujaa nyuma yake, maji huruka juu na kuchimba shimo upande wa chini, na baada ya msimu mmoja jiwe linang'oka. Yakiwa madogo, ng'ombe huyasukuma. Tokeo la maji nalo litandazwe mawe na lielekezwe kwenye nyasi au kichaka. Lisielekezwe shambani kwa mtu. Mwenye shamba atakayeona udongo wake ukisombwa kwa sababu ya watalii ataziba tokeo hilo usiku, na hatutamlaumu.

Idadi inategemea ukali. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa 10, kikingamaji kimoja kila hatua 25 hivi kinatosha. Ukiwa mkali maradufu, weka kila hatua 12 mpaka 15. Kona nazo zisirundikwe pamoja. Zikikaribiana, watu hukata njia ya mkato kati ya kona na kona, na maji ya juu huangukia njia ya chini. Weka kona pale ambapo kuna jabali au kichaka kinene katikati, ili mkato usiwezekane.

Mtu akisikia utalii wa mlima, wazo linalomjia kwanza ni ngazi za saruji na vyuma vya kushikilia. Tunawasihi msifanye hivyo. Saruji ni ngumu lakini ardhi iliyo chini yake ni laini. Maji hupenya ukingoni, hula udongo wa chini, na ngazi hubaki ikielea hadi siku itakapovunjika chini ya mguu wa mtu. Ikikaa kivulini huota ukungu wa kijani na kuteleza vibaya kuliko udongo. Isitoshe, kila mfuko wa kilo 50, mchanga wake, kokoto zake na maji ya kuchanganyia vitabebwa mgongoni au kichwani hadi huko juu, na sehemu kubwa ya fedha itakwisha kwa ubebaji.

Ngazi za mawe makavu ni bora. Panapobidi kuwa na ngazi, jiwe la chini kabisa huwekwa kwanza, na kila linalofuata hukalia mgongo wa lililotangulia; kimo cha sentimita 15 hadi 18, na kina cha kutosha kiatu kizima, sentimita 30 au zaidi. Wanaodhani kazi isiyo na saruji haidumu waende Thimlich Ohinga, Migori. Kuta zile zilijengwa karne ya 16 kwa mawe matupu, bila udongo wala saruji ya kuyaunganisha, nyingine zikipita kimo cha mtu mara mbili, na mwaka 2018 ziliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia. Zimesimama kwa sababu mawe yamefungamana na maji yanapita katikati yake bila kushindana na ukuta. Ujuzi huo ni wa huku kwetu.

Na somo la kuzuia maji tulikwisha kulilipia. Tuta lililounganisha mji wa Mbita, ulio bara, na kisiwa cha Rusinga miaka ya 1980 liliziba mkondo kati ya ghuba na ziwa kuu, maji yakatuama, magugu yakajikusanya, na mwishowe ikabidi lifunguliwe kwa daraja. Tuta lilikuwa na nia njema kabisa.

Sasa mapango. Michoro ya Kwitone na Mawanga ni miduara ndani ya miduara na maumbo yenye miali kama jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu huihusisha na Watwa, wawindaji waliokuwa hapa kabla ya Wasuba, wenyeji wa leo, na michoro ya ukoo mmoja na hii inaonekana Kakapel huko Busia na Nyero nchini Uganda. Wekundu ni mawe yenye chuma yaliyosagwa. Huingia ndani ya mwamba na kuutia doa. Weupe ni udongo mweupe uliokaa juu ya mwamba kama vumbi lililoganda, na ndiyo maana hutangulia kutoweka. Ukiona mduara mwekundu wenye mapengo kati ya mstari na mstari, huenda hapo palikuwa na mweupe.

Adui wa kwanza wa michoro ni maji, na mara nyingine huletwa kwa chupa. Wapo wanaomwagia mwamba maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Inang'aa kweli, kwa dakika chache. Kisha maji yanapokauka huivuta chumvi iliyomo ndani ya mwamba hadi juu, nayo huacha utando mweupe usioondoka na kuibandua rangi vipande vipande. Tunaomba jambo hili lisemwe kwa kila mgeni kabla hajaanza kupanda, na lisemwe pamoja na sababu yake. Mtu akiambiwa tu "usimwage maji" atamwaga mwongoza njia akigeuka. Akielewa kwamba anauondoa mchoro, wengi huacha.

Maji mengine hutoka juu. Hutiririka kwenye paji la mwamba, yakapinda ndani na kushuka juu ya michoro. Kwa hiyo mipaka ya ulinzi wa mapango ya Mfangano ihesabu pia mteremko ulio juu ya pango, si uwanja ulio mbele yake peke yake. Ukikatwa msitu wa juu, maji hushuka kwa kishindo. Ukikatwa mti mmoja uliosimama mbele ya pango, jua na mvua ya upepo huingia ndani. Upo utaratibu wa wahifadhi wa kuweka ukingo mwembamba wa silikoni kwenye paji la mwamba ili tone lidondoke nje ya pango. Hiyo ni kazi ya wataalamu wa turathi, na isifanywe na kontrakta wa njia hata akijitolea. Vivyo hivyo viota vya udongo vya nyigu: vikibanduliwa kwa panga, rangi hutoka navyo.

Vumbi linasahaulika. Watu thelathini wakiingia pangoni kwa mkupuo, miguu yao hutimua vumbi linalotua kwenye michoro, na pumzi zao hulishikisha. Tunapendekeza watu wasiozidi 8 kwa wakati mmoja, wengine wakingoja nje, na sakafu itandazwe mawe bapa bila kuchimbwa, kwa kuwa chini ya vumbi hilo kunaweza kuwa na mabaki ambayo mwanaakiolojia hajayaona. Hakuna shimo, hata la nguzo ya bango, linalopaswa kuchimbwa ndani ya pango.

Tukifika kwenye ibada, tunaomba msikilize kwa makini zaidi. Magharibi ya Kenya ina watu wengi wanaopanda mlima kuomba. Wapo wanaokwenda Kit Mikayi kule Seme, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo; wapo wa Got Ramogi kule Siaya; waumini wa kanisa la Legio Maria huenda Got Kwer, Migori. Jadi ya Wasuba inasema mapango ya Mfangano yalikuwa mahali pa kuombea mvua. Mahali kama hapa, anayekuja kufunga na kusali ana haki kama anayekuja na kamera, tena haki yake ni ya zamani zaidi. Ila mshumaa na moto wa kuni hutoa masizi, na masizi hushika kwenye mwamba kuliko rangi yenyewe. Anayejaribu kuyafuta huifuta na michoro.

Suluhisho letu si kuwafukuza. Itengwe sehemu ya ibada nje ya pango, upande ambao upepo hupeleka moshi mbali na mwamba, yenye mawe ya kukalia, mahali pa moto palipozungushiwa mawe, na ukuta mfupi wa kukinga upepo. Mahali penyewe pachaguliwe na wazee wa koo zenye ardhi ile, kwa sababu wao ndio wanaojua wapi panasaliwa na wapi hapakanyagwi. Wakisema siku fulani mlima ufungwe, ufungwe, na tangazo litolewe mapema Mbita na Sena ili mgeni asije bure. Misitu ya makaya ya Wamijikenda ilidumu chini ya miiko ya wazee kwa muda mrefu kabla ya kuingia orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008. Mwiko ni ulinzi usiohitaji mshahara.

Vyoo viwekwe chini, mwanzoni mwa njia. Juu mwamba uko karibu mno, shimo halichimbiki, na uchafu utashuka na mvua hadi visimani.

Kuna hatari moja ambayo viongozi wengi hawaihusishi na ratiba ya mashua, nayo ni radi. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani. Usiku mawingu hukusanyika juu ya maji. Mchana upepo wa ziwa huyasukuma kuelekea nchi kavu na vilima. Anayetoka Kisumu alfajiri, akapita Luanda K'Otieno, akavuka kwa feri saa nzima hivi hadi Mbita, kisha akapanda mashua nyingine hadi Sena, hata mambo yakienda vizuri hufika karibu na adhuhuri. Akianza kupanda hapo, atakuwa kileleni saa nane au saa tisa, wakati ule ule ngurumo zinapoanza. Mvua ikimkuta hukimbilia pangoni. Pango lenye kina kifupi ni mahali pabaya sana wakati wa radi: umeme unaoshuka kwenye mwamba huruka kutoka paa hadi sakafuni kupitia aliyesimama mdomoni mwa pango. Mti uliojitenga nao ni mbaya. Ikitokea, mshuke haraka kutoka mgongoni mwa mlima, mwachane hatua kadhaa kila mmoja, na mchuchumae miguu ikiwa pamoja, katika kichaka kifupi cha kimo kinacholingana.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya mlima iwe ya saa. Kuanza kupanda kati ya saa kumi na mbili na saa moja asubuhi, na kugeuka kufikia saa tano hata kama kilele kinaonekana. Muda kati ya mwanga na ngurumo unaohesabika chini ya sekunde 30 unamaanisha shukeni sasa, na msirudi juu mpaka dakika 30 zipite baada ya ngurumo ya mwisho. Maana yake ni kwamba mgeni alale kisiwani au Mbita usiku wa kuamkia safari. Hilo litawapa watu wa Mfangano biashara ya malazi na chakula, na litapunguza mashua zinazovuka jioni, upepo ukiwa umechafuka.

Kuhusu kuvuka maneno machache. Jaketi za kuokoa maisha zivaliwe na kufungwa kabla kamba haijafunguliwa. Zilizosukumwa chini ya viti hazina faida kwa mtu aliyekwisha kuanguka majini, na mtoto anahitaji ya kimo chake, vinginevyo itampanda usoni. Nahodha asiambiwe na abiria lini aondoke. Magati nayo yajengwe kwa kukumbuka kwamba ziwa hupanda na kushuka: kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na Mei 2020 lilifika kimo cha juu sana, likamega fuo na kuzamisha vituo vya kushukia. Gati linaloelea, lililofungwa kwenye nguzo, litapanda na kushuka nalo. Gati la saruji lenye kimo kimoja litatumika miaka kadhaa, kisha ama lizame ama liachwe juu mkavu.

Maji ya kunywa: lita 3 kwa kila mpandaji, naye ayabebe mwenyewe, si kumwachia mpagazi aliyetangulia. Maji ya ziwa yasinywewe bila kuchemshwa, na kuoga ufukoni penye majani kunaweza kuleta kichocho. Anayeumwa kichwa, kuona kizunguzungu na kuacha kutoa jasho awekwe kivulini, alowanishwe nguo na apepewe. Akianza kupotewa na fahamu ashushwe mara moja na apelekwe hospitali. Aliyepoteza jasho jingi apewe maji ya sukari na chumvi: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe polepole. Mara kwa mara tunaona mtu akipewa chumvi kwa kukadiria. Ikizidi humwongezea kiu na kumdhuru.

Nyoka aitwaye bafe hupenda kulala njiani palipo na joto, haondoki akisikia kishindo kama wafanyavyo nyoka wengine, na rangi yake ni ya majani makavu. Viatu vinavyofunika kifundo na macho yaliyo chini huzuia zaidi kuliko dawa yoyote. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba, asiwekewe jiwe jeusi likachelewesha safari. Mguu ufungwe gango usitikisike na abebwe. Tunaomba kila kituo cha afya kinachohudumia kisiwa kiwe na orodha inayoeleza dawa ya sumu ya nyoka ipo wapi kwa wakati huo, na mashua iliyo tayari usiku. Machela moja ya turubai na miti miwili ikae mwanzoni mwa njia, na nyingine Kwitone. Kumshusha mtu mmoja kwa machela kwenye mteremko ule kunataka wabebaji 8, wanne wakipokezana na wanne, na hesabu hiyo ndiyo inayoamua ukubwa wa kundi linalopaswa kuruhusiwa na mwongoza njia mmoja.

Waheshimiwa, Jedwali la Nne la Katiba limeweka utalii wa mashinani, utamaduni na feri mikononi mwa kaunti, na kumbukumbu za kale zenye umuhimu wa kitaifa mikononi mwa serikali ya kitaifa. Mlima wenyewe haujui mpaka huo. Anayechimba mtaro juu ya pango amegusa michoro, hata kama karatasi yake inasema barabara. Tunaomba meza moja: mtu wa kaunti, mtu wa turathi, wazee wa koo, wenye mashamba ambayo njia inapita, makumbusho ya jamii ya Abasuba yaliyopo kisiwani, na waongoza njia. Wakubaliane juu ya ramani kabla sururu ya kwanza haijainuliwa. Wenye mashamba walipwe kwa mkataba wa maandishi kila mwaka, kwa sababu fidia ya mara moja husahaulika nao mlango wa ua hufungwa. Na maneno yatakayoandikwa mwanzoni mwa njia yaandikwe kwa Olusuba kwanza, kisha Dholuo na Kiswahili. Olusuba ni lugha inayoponyoka, na mlima huu ni mojawapo ya mahali ambapo majina yake bado yanaishi.

Tunaomba pia ada ya kupanda igawanywe hadharani, na fungu la matengenezo litengwe kabla ya mafungu mengine yote, kwa kuwa njia isiyo na fungu hilo hurudi kuwa mtaro ndani ya misimu miwili. Kazi ni nyepesi ikifanywa kwa wakati. Mwishoni mwa Februari, kabla ya masika, na mwishoni mwa Septemba, kabla ya vuli, watu sita wapite njia nzima na majembe manne, sepetu mbili, mtaimbo na mapanga: wazoe majani na matope nyuma ya kila kikingamaji, wafungue matokeo, waegemeze upya mawe yaliyolegea, wafyeke lantana iliyoinamia njia. Kisha mmoja wao arudi siku ya mvua kubwa ya kwanza, atembee njia nzima akinyeshewa, na aweke alama ya chokaa kila anapoyaona maji yakiifuata njia badala ya kuivuka. Chokaa hiyo iishie hatua 50 kabla ya mapango. Zile alama ndizo orodha ya kazi ya msimu unaofuata, na hakuna mshauri mwelekezi atakayeipata iliyo sahihi kuliko hiyo akiwa ofisini.

Kama ramani itakubaliwa mwaka huu na mawe yakusanywe wakati wa kiangazi cha Januari, sehemu ya kwanza, kutoka Sena hadi chini ya Kwitone, inaweza kuwa na vikingamaji vyake kabla ya mvua za Machi. Mafundi wa mawe wapo, kisiwani na bara. Tuko tayari kuitembea njia hiyo pamoja nanyi, siku mtakayoitaja, tukianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Wenu kwa heshima,

Waongoza njia, mafundi wa mawe na manahodha wa ziwani
Kisumu